Maswali ya wasomaji: Tangi la maji ya chumvi la kujijengea

Swali: Mheshimiwa Mtaalamu, ninaishi Nairobi katika nyumba ya kupanga, ghorofa ya tatu, nami nakusudia kujenga tangi la samaki na matumbawe lenye urefu wa sentimita 180, upana wa sentimita 60 na kimo cha sentimita 60. Fundi wangu wa vioo anasema kioo cha milimita 8 kinatosha, kwa kuwa ndicho anachofunga kwenye madirisha ya maduka. Je, nimwamini?
*Msomaji, Nairobi*

Jibu: Kwa madirisha ya maduka mwamini, kwa tangi usimwamini. Dirisha husukumwa na upepo unaokuja na kuondoka, ilhali kioo cha tangi husukumwa na maji usiku na mchana, mwaka nenda mwaka rudi, bila kupumzika hata dakika moja. Kwa vipimo ulivyotoa, tangi likijaa, kioo cha mbele kitabeba msukumo unaolingana na uzito wa kilo 330 hivi, yaani kama magunia manne ya mahindi, pungufu kidogo, yaliyoegemezwa juu yake. Jambo ambalo mafundi wengi hawalijui ni kwamba msukumo huo hauongezeki kwa kulipanua tangi kwenda nyuma. Hutegemea urefu wa kioo chenyewe na, zaidi ya yote, kimo cha maji. Ukishusha kimo kutoka sentimita 60 hadi 45, msukumo wote hupungua hadi kufikia kidogo zaidi ya nusu. Mimi nisingeshuka chini ya milimita 12, pamoja na mikanda ya kioo iliyogandishwa kuzunguka ukingo wote wa juu, na kama mfuko unaruhusu ningechukua milimita 15. Ukitaka kutoboa tundu la bomba, litobolewe kabla ya kuunganisha, na kioo kisiwe kile kilichopashwa moto na kupozwa ghafla ili kiwe kigumu, kwa sababu hicho kikiguswa na keekee huvunjika chote vipande vipande.

Gundi nayo ina mambo yake. Nunua silikoni inayonuka siki inapokauka, isiyotiwa dawa ya kuzuia kuvu. Zile za bafuni nyingi zina dawa hiyo, nayo ni sumu kwa viumbe wa majini. Futa kingo za vioo kwa spiriti, kisha usiziguse tena. Tangi langu la kwanza lilianza kutoa machozi siku ya nne, kwenye kona moja tu, na nilipoikwangua silikoni nilikuta alama ya kidole changu mwenyewe, kilichokuwa na mafuta ya chapati. Baada ya kugandisha, subiri siku zisizopungua saba, kisha ulijaze maji ya bomba likiwa nje ya nyumba na uliache hivyo wiki nzima kabla ya kuliingiza ndani.

Umetaja ghorofa ya tatu kwa kupita, lakini hilo ndilo lililonishtua zaidi. Maji peke yake yatakuwa na uzito wa kilo 660 hivi. Ukijumlisha vioo, mawe, meza na pampu, umekaribia tani moja juu ya eneo la zaidi kidogo ya mita moja ya mraba. Usiliweke katikati ya chumba kwa kukisia. Mwone mwenye nyumba, naye amlete mhandisi atakayeonyesha mihimili ilipo, au uhamie chini. Kuhusu baridi ya Julai, tumia hita mbili ndogo badala ya moja kubwa, ili moja ikiharibika isiwaue wote.

Swali: Nina tangi la lita 600. Nimeweka feni juu yake ili kuyapoza maji, na kwa hiyo hupungua lita 8 hivi kila siku. Hujazia maji safi ya bahari ninayoyateka mwenyewe Nyali wakati maji yamejaa. Sasa mwezi mmoja umepita: kamba wote wamekufa, konokono wanapanda kioo na kutoka nje, na matumbawe laini yamenywea, ingawa maji ni maangavu kabisa na amonia, ile sumu itokanayo na kinyesi cha samaki, ni sifuri. Kosa langu ni nini?
*Msomaji, Mombasa*

Jibu: Kinachopaa ni maji, chumvi haipai. Lita 8 zinazopotea kila siku huondoka bila chumvi, nawe unazirudisha zikiwa na gramu 35 za chumvi katika kila lita, yaani gramu 280 kwa siku. Kwa siku 30 umeongeza kilo 8.4 juu ya kilo 21 zilizokuwamo, hivyo maji yako sasa yana karibu gramu 49 kwa lita. Hata kaa wa madimbwi ya kupwa, aliyezoea jua la mchana, angelalamika. Kamba wako hawakuuawa na uchafu.

Usikimbilie kuyashusha kwa siku moja, kwani mshtuko wa kushuka utawaua waliobaki. Kila siku toa lita 17 za maji ya tangi na uingize lita 17 zisizo na chumvi, mbali na zile za kufidia yaliyopaa, na kwa muda wa siku 12 hivi utakuwa umerudi kwenye 35. Pima kila asubuhi kwa refraktometa, yaani kifaa kinachopima chumvi kwa kupitisha mwanga katika tone la maji. Vile vipimo vya plastiki vyenye mshale hudanganya mapema. Kuanzia hapo chora mstari kwa kalamu kwenye kioo, na maji yakishuka chini yake ujazie maji yasiyo na chumvi peke yake. Maji ya bahari uyatumie unapobadilisha sehemu ya maji, si unapojazia.

Maji hayo ya kujazia yasitoke kisimani, kwa maana visima vingi vya Mombasa vina chumvichumvi, wala yasitoke moja kwa moja bombani, kwa sababu ya klorini. Wauzaji wa maji ya kunywa wenye mitambo ya osmosisi kinyume, inayochuja chumvi kwa kuyasukuma maji kupitia utando, watakufaa, ila uliza kama huongeza madini mwishoni, na kama huongeza, omba ya kabla ya hatua hiyo.

Swali: Je, naruhusiwa kukata vipande vya matumbawe wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana, nipande kwenye tangi langu?
*Msomaji, Tanga*

Jibu: Usikate. Sehemu ya pwani yenu imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti tangu mwaka 2009, na matumbawe magumu yanayojenga miamba yamo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini. Kabla ya kutoa kiumbe chochote baharini, fika ofisi ya uvuvi.

Mawe ya kujengea mwamba wako unaweza kuyatengeneza. Changanya sehemu moja ya saruji na sehemu tatu za makombe yaliyopondwa na chumvi ya mawe, ufinyange maumbo yenye matundu, na yakishakauka uyaloweke katika maji yasiyo na chumvi, ukiyabadilisha mara kwa mara. Chumvi itayeyuka na kuacha vijitundu ambamo bakteria watakaa. Kulowesha huchukua wiki nne hadi nane, mpaka pH, yaani kipimo cha uasidi na ualkali wa maji, ishuke chini ya 8.5, na ukitia samaki kabla ya hapo, saruji itawaunguza. Kisha ongeza wiki nne hadi sita za kuwalea bakteria kwa kipande cha kamba mfu, hadi amonia na nitriti, sumu ambayo bakteria huigeuza kutoka amonia, zisome sifuri.

Swali: Nimesikia kwamba matumbawe hulishwa chokaa. Ile ya kupakia kuta inafaa?
*Msomaji, Dar es Salaam*

Jibu: Ya ukutani haifai, kwa kuwa ina uchafu usioujua. Tafuta haidroksidi ya kalsiamu ya daraja la chakula, koroga gramu 2 kwa kila lita ya maji yasiyo na chumvi, ufunike na uache yatuame. Maji hayo yana pH ya zaidi ya 12, basi yadondoshe polepole usiku, wakati pH ya tangi iko chini, na yasizidi yale yaliyopaa mchana. Unga mweupe uliotuama chini ya ndoo usiumimine.