Re: Reli ya zamani Tabora kuwa njia ya mwendokasi, inawezekana?

Mkuu umeuliza SGR (ile reli mpya ya kisasa) ikikamilika kwa nini ile reli ya mkoloni ising'olewe tu iwe njia ya mabasi, Tabora mjini mpaka Urambo. Kuwezekana inawezekana, Waingereza wamefanya pale Cambridge, reli iliyokufa ikawa njia ya mabasi toka 2011, basi lina vigurudumu vidogo pembeni vinavyogusa kingo za zege na usukani unajiongoza wenyewe. Wajapani nao baada ya tsunami ya 2011 kipande cha reli ya Kesennuma wakakilaza lami.

Sasa ngoma iko kwenye upana. Reli yetu ni mita moja, basi lina kama mita mbili na nusu, yakikutana mawili lazima utanue tuta, na madaraja yote uyajenge upya maana mengi ni ya njia moja, hapo hela ya kung'oa mataruma ndo ndogo kuliko zote. Halafu hiyo laini ndo inapeleka mzigo Kigoma bandarini toka 1914, ukiikata Urambo watu wa Kigoma watakutafuta aisee 😂

Mi ningeanza na vituo vya maana na daladala zinazofuata ratiba.