Umeshaweka dole gumba, ndiyo unauliza?

Maswali ya sheria kutoka kwa wasomaji safari hii yametoka Newala mpaka Lindi mjini, na mengi yanaanza na neno lile lile: "nimeshasaini". Haya, tuendelee.

Nilinunua shamba la mikorosho, ekari 4, kijijini Newala. Mwenyekiti wa kijiji aligonga muhuri na mashahidi wapo. Sasa watoto wa muuzaji wanasema shamba lilikuwa la marehemu mama yao. Nitafute wakili?

Ulitakiwa umtafute kabla ya kuhesabu pesa. Sasa huna ujanja, mtafute wiki hii.

Muhuri wa mwenyekiti si idhini ya kijiji. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, msimamizi wa ardhi ya kijiji ni halmashauri ya kijiji, na Mahakama ya Rufani imekwisha kusema kuwa mauziano ambayo halmashauri haikuyaridhia ni batili. Kwa hiyo nenda ofisi ya kijiji uombe muhtasari wa kikao kilichojadili mauzo yako: tarehe, mahudhurio, saini. Kama haupo, asije mtu akakuandikia leo wenye tarehe ya mwaka juzi. Hapo utakuwa umeacha mgogoro wa ardhi na kuingia kwenye kesi ya kughushi.

La pili ni zito zaidi. Kama shamba kweli lilikuwa la marehemu, je, aliyekuuzia aliteuliwa na mahakama kuwa msimamizi wa mirathi? Kama hakuteuliwa, aliuza kisicho chake, na dai lako kubwa litakuwa kurudishiwa pesa, si shamba.

Shauri lenyewe linaanzia kata. Tangu mabadiliko ya 2021 baraza la kata halihukumu, linasuluhisha tu, na lina siku 30. Likishindwa, chukua cheti chake ndipo uende Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Wanaoruka hatua hiyo mashauri yao hutupwa nje hata kama haki ni yao. Ukishindwa wilayani, rufaa ya Mahakama Kuu ni ndani ya siku 45. Wakili awepo kabla hujafungua shauri wilayani. Ushahidi ulioacha kuutoa huko, kuuchomeka kwenye rufaa ni shughuli pevu.

Kusajili jina la biashara BRELA (wakala wa usajili wa biashara) ni lazima wakili? (Mama lishe, Lindi)

Hapana, mama. Unahitaji namba ya NIDA, simu yenye intaneti na ada ya serikali. Anayekudai "hela ya mwanasheria" kwa kazi hiyo ni kishoka.

Nilimpa mkulima laki 6 mwezi wa nne, tukaandikishana anilipe kwa magunia ya korosho msimu ukifunguliwa. Kapeleka mzigo wote AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima). Nimshitaki polisi au mahakamani? (Tandahimba)

Hiyo ni kangomba, yaani kununua korosho za mkulima nje ya mfumo rasmi, na wewe umeiweka kwenye maandishi na kuisaini! Makubaliano yenye lengo lililokatazwa na sheria ni batili, mahakama haitakusaidia kuyatekeleza. Karatasi unayoiita ushahidi inaweza kukugeukia wewe. Mwone wakili kabla hujaipeleka popote. Swali hili huja kila msimu. Msimu huu halijibiwi tena.

Ambaye mkopo wake ni safi, wa pesa kwa pesa, ajue kuwa polisi si wakusanya madeni. Deni la mkataba lisilozidi Sh30 milioni linafunguliwa Mahakama ya Mwanzo, unajieleza mwenyewe kwa Kiswahili, na ukomo wake ni miaka 6.

Nimeachishwa kazi ya ghala Mtwara, sasa ni mwezi wa nne tangu niachishwe. Bosi kila siku ananiambia "tutaongea".

Anakumalizia siku. Malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo halali yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, kwa fomu CMA F1. Wewe umepitiliza, kwa hiyo inaongezeka CMA F2 ya kuomba kuongezewa muda, ukieleza sababu ya kuchelewa kwa kipindi chote. "Bosi alisema tutaongea" peke yake haitakuvusha. Hapa wakili anastahili malipo yake.

Mimi na rafiki yangu tunafungua duka la vifaa vya ujenzi Lindi. Tunaaminiana. Kuna haja ya mkataba?

Ipo, na kuaminiana kwenu ndiko kunakofanya uandikike kirahisi sasa. Jina la biashara halina mwili wake: duka likidaiwa saruji, mnadaiwa ninyi, na mdai anaweza kumfuata mmoja wenu kwa deni lote. Kama mtachukua mzigo mkubwa kwa mkopo, mwulizeni wakili kuhusu kampuni.

Mkataba useme nani ametoa nini, na kama rafiki yako ataleta kirikuu (kigari cha mizigo), ni mtaji au kimeazimwa. Useme anayekaa dukani analipwa mshahara kabla ya faida kugawanywa au la, na benki inahitaji saini ngapi. Halafu yale msiyopenda kuyataja: mmoja akitaka kutoka, bidhaa zitathaminiwa na nani na atalipwa kwa muda gani, mmoja akifa, mjane wake anaingia dukani au analipwa fungu? Ugomvi mwingi huanzia hapo. Mkimaliza, ulizeni ushuru wa stempu, maana hati inayotakiwa kulipiwa ikakosa stempu haipokelewi kuwa ushahidi mpaka ilipiwe pamoja na adhabu.

Mjomba wa marehemu mume wangu anasema mikorosho ni ya ukoo, nisubiri kikao.

Usisubiri. Kikao cha ukoo kinapendekeza, mahakama ndiyo inayoteua, na mjane unaruhusiwa kuomba. Chukua cheti cha kifo uende Mahakama ya Mwanzo ukajaze Fomu Na. 1. Wakili si lazima, ila mtu akiweka pingamizi, mtafute. Msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa atakuelekeza bure. Huyo hatakiwi kutoza wala kukusimamia mahakamani. Ukiteuliwa, una miezi 4 ya kuwasilisha orodha ya mali na madeni. Mikorosho mliyopanda pamoja ndani ya ndoa ina jasho lako: lidai mapema, kabla mirathi haijagawanywa.

Nitamjuaje wakili wa kweli?

Tafuta jina lake kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama, uone kama leseni yake ya mwaka huu iko hai. Kubalianeni ada kwa maandishi, na kila shilingi idaiwe risiti. Akikwambia sehemu ya pesa ni "ya hakimu", chukua nyaraka zako zote uondoke, kisha piga TAKUKURU, 113.