Saratani imeonekana, kirusi hakisomeki: kwa nini?

SWALI: Assalaam alaykum. Baba yangu mkubwa alikatwa kinyama kwenye findo (tonsili) la koo, kikasafirishwa kwa meli hadi Unguja. Majibu yanasema saratani ipo, lakini kipimo cha kirusi cha HPV hakisomeki, akatwe tena. Vipi waione saratani, kirusi kiwashinde? (Msomaji, Wete)

JIBU: Waalaykum salaam, na pole kwa kuuguza. Saratani hutambulikana kwa umbo la seli, na umbo hustahamili mengi. Kipimo cha HPV, kirusi kinachoweza kuleta saratani ya findo, hutafuta vitu dhaifu zaidi: protini ya p16, ambayo huzidi seli inapotawaliwa na kirusi, au vinasaba vya kirusi chenyewe. Mara nyingi hivi huharibikia ndani ya chupa, kabla maabara haijaipokea.

Nyama ikishakatwa huanza kuoza, na joto letu halingoji. Itiwe kwenye formalini, dawa ya maji ya kuhifadhi nyama, papo hapo, isipite saa moja. Kuiacha kwenye maji ya chumvi ikingoja meli ni kuipoteza. Formalini nayo ichanganywe sawasawa: formalini nzito mililita 100, maji safi ya maabara mililita 900, na chumvi mbili za fosfeti ya sodiamu za kuzuia asidi, gramu 4 za ile yenye hidrojeni mbili na gramu 6.5 za ile yenye moja. Bila chumvi hizo dawa hugeuka asidi, hukatakata vinasaba na kuacha vidoa vyeusi ndani ya nyama.

Dawa iwe angalau mara 10 ya ujazo wa nyama. Kinyama cha ukubwa wa punje ya hindi kikigandana na ubavu wa chupa, upande ule haupati dawa. Findo zima likitolewa lipasuliwe vipande vya milimita 3 au 4, kwa sababu formalini hupenya polepole, kama milimita 1 kwa saa.

Muda mzuri wa nyama kukaa ndani ya formalini ni saa 6 hadi 48. Pungufu ya hapo, katikati hubaki mbichi: rangi ya maabara inayoonyesha p16 hukolea pembeni, ndani ikapauka. Hapo ndipo penye hatari, maana p16 huhesabiwa ipo pale asilimia 70 au zaidi ya seli za saratani zinapokolea, kiini na nje ya kiini. Chupa ikikaa wiki nzima ikingoja usafiri, p16 huenda ikasomeka bado, lakini vinasaba huwa vimekatika vipandevipande na PCR, kipimo cha kusaka vinasaba, haivioni.

Waliosema "hakisomeki" wamefanya uungwana. PCR nzuri hutafuta pia jeni ya binadamu. Nayo ikikosekana, sampuli ndiyo mbovu, na kuandika "hakuna kirusi" kungekuwa kosa kubwa.

Kabla hajakatwa tena, ulizeni kama bongela la nta, ambamo maabara iligandisha kile kinyama, lingali na nyama upande mwingine. Kulikata upya kwa wembe mpya, vipande vyembamba vya mikroni 4, huenda kukatosha. Kama ana tezi shingoni, sindano ya kuvuta seli husaidia, ila seli zikusanywe zitiwe formalini na nta. Zikipakwa kioo na kutiwa spiriti, ile asilimia 70 haitegemeki.

Akikatwa tena, fomu iandikwe saa ya kukata na saa ya kutia dawa. Matibabu ya saratani yenyewe yasicheleweshwe kwa kungoja kipimo hiki.