Kabla mkono haujaingia mfukoni

Wadogo zangu mliomaliza kozi ya uamuzi wa soka na kuanza kupangiwa mechi, naanza na kosa langu mwenyewe. Ilikuwa mechi yangu ya nne nikiwa na kipyenga. Beki aliteleza kuufuata mpira, akachelewa kidogo tu, akamkwatua straika aliyekuwa amebaki na kipa. Nikapuliza, nikaonyesha tuta, yaani penalti, na papo hapo nikachomoa nyekundu. Kichwani nilikuwa na sheria moja: mtu wa mwisho anatoka.

Baada ya mechi mwamuzi mmoja mkongwe aliniita pembeni akaniuliza, "Yule kijana alikuwa anautafuta mpira au anamtafuta mtu?" Sikuwa na jibu, maana sikuwa nimeliangalia hilo. Nilipotulia nikakumbuka mguu wake ulivyonyooka kuelekea kwenye mpira. Alistahili njano. Timu yake ilicheza pungufu kipindi chote cha pili kwa sababu yangu, na mpaka leo linaniuma.

Hakuna "mtu wa mwisho" ndani ya sheria ya 12, ile ya faulo na utovu wa nidhamu. Kuna kumnyima mpinzani nafasi ya wazi ya kufunga, na hapo unapima mambo manne kwa pamoja: umbali wa tukio kutoka golini, mchezo ulikuwa unaelekea wapi, mshambuliaji angeweza kuumiliki mpira au la, na mabeki wengine walikuwa wangapi na wamesimama wapi. Wengi wetu tunahesabu mabeki tu. Lakini straika anayekimbia kuelekea kwenye kibendera cha kona hana nafasi ya wazi hata kama hakuna beki mbele yake. Vivyo hivyo yule aliyeusukuma mpira mrefu mno hadi kipa yuko tayari kuudaka. Hiyo inaweza kuwa penalti halali kabisa, bila nyekundu, na pengine bila kadi yoyote. Madhambi ya uzembe wa kawaida ndani ya kumi na nane, yaani eneo la penalti, hayana kadi. Msione aibu kutoa tuta na kuacha mkono nje ya mfuko, hata jukwaa zima likipiga kelele.

Nafasi ikiwa ya wazi kweli, ndipo linakuja swali la yule mzee. Hadi 2016, beki aliyeinyima timu nafasi hiyo ndani ya eneo la penalti alitolewa tu: penalti, nyekundu, na kufungiwa mechi inayofuata, adhabu tatu kwa kosa moja. Mwaka huo sheria ikalegezwa. Hoja yake ni rahisi: penalti inairudishia timu nafasi iliyopotea, kwa hiyo aliyejaribu kuucheza mpira akakosea anapewa njano. Faulo hiyo hiyo ikitokea hatua moja nje ya mstari, ambako kinachotolewa ni mpira wa adhabu tu, ni nyekundu. Kwa hiyo hakikisheni kwanza tukio lilikuwa upande gani wa mstari.

Aliyevuta jezi, aliyesukuma mgongoni, aliyemkumbatia mtu, au ambaye hakuwa na uwezekano wowote wa kuufikia mpira, huyo anatoka, ndani au nje. Na msitafute nia mbaya. Februari 2021, Arsenal wakicheza na Wolves, beki wa Arsenal David Luiz alikuwa akimkimbilia straika wa Wolves Willian José kwa nyuma, goti lake likagusa mguu wa straika huyo, akaanguka. Hakuonekana kukusudia. Lakini pia hakujaribu kuucheza mpira, na mwamuzi Craig Pawson akampa nyekundu pamoja na penalti. Watu wengi walilalamika, na rufaa ya Arsenal ikakataliwa. Mimi naona Pawson alikuwa sahihi: sheria inauliza alichokifanya mchezaji na mpira, haiulizi moyo wake.

Yote haya ni kwa faulo ya kawaida. Mguu ukiingia kwa nguvu za kupita kiasi, uuhatarishe usalama wa mwenzake, ni nyekundu hata kama aliugusa mpira kwanza. Penalti haimpunguzii kitu.

Kwenye kunawa, yaani kuucheza mpira kwa mkono, mnakumbuka robo fainali ya Kombe la Dunia 2010 kule Johannesburg, Luis Suárez wa Uruguay alipouzuia kwa mikono mpira wa Ghana uliokuwa unaingia wavuni. Nyekundu na penalti, na ingekuwa hivyo hata leo, kwa kuwa alikusudia. Asamoah Gyan akagonga mwamba, na Afrika ikalia. Kilichobadilika, tangu msimu wa 2024/25, ni kunawa kusikokusudiwa: mkono uliokaa vibaya ukazuia goli, ukatoa penalti, mchezaji anapewa njano.

Sasa la uwanjani. Mechi zetu hazina VAR, yaani waamuzi wa marudio ya video, kwa hiyo macho yenu ndiyo marudio. Pulizeni, onyesheni nukta, kisha ondokeni kwenye msongamano hatua tano, sita. Rudisheni picha kichwani: mguu ulielekea wapi, mpira ulikuwa umbali gani? Mtazameni msaidizi wenu. Kama alikuwa na pembe nzuri, mwendeeni mzungumze. Sekunde kumi na tano hazimwumizi mtu. Shikeni namba ya mchezaji kabla wenzake hawajamzunguka, na angalieni kwenye daftari kama tayari ana njano, maana hapo njano yenu ya busara inageuka kuwa ya pili, na lazima muionyeshe kabla ya nyekundu. Akishatolewa, msiruhusu penalti ipigwe mpaka awe ameondoka uwanjani.