Maswali ya Wasomaji: Maji ya Bahari Nyanda za Juu

SWALI: Shikamoo. Mimi ni msomaji wenu wa Uyole, Mbeya. Mwezi uliopita nilinunua tangi la kioo la lita 200, na mjomba wangu, ambaye ni dereva wa lori, akaniletea madumu kumi ya maji ya bahari kutoka Dar es Salaam. Nilifunga chujio na pampu ya hewa, na baada ya siku tatu nikaweka samaki sita waliosafirishwa usiku kucha kwa basi. Maji ni maangavu kabisa, lakini samaki wanne wamekufa ndani ya siku tisa, na wawili waliobaki wanakaa juu wakihema. Nawalisha mara tatu kwa siku ili wapate nguvu. Nimekosea wapi? Na je, naweza kubadilisha maji kwa kuchanganya chumvi ya dukani, maana siwezi kumsumbua mjomba kila wiki?

JIBU: Marahaba, na pole sana. Samaki anayening'inia juu ya maji huku matamvua yake yakifunguka na kufumba kwa haraka anakuambia kwamba hapati hewa ya kutosha, au kwamba matamvua yenyewe yameunguzwa. Kwa maelezo yako, na kwa umri wa tangi lako, nashuku amonia kabla ya kitu kingine chochote. Uangavu wa maji haukusaidii hapa, kwa kuwa amonia haina rangi, na kiasi kinachoua samaki ni kidogo mno hata pua haiwezi kukinusa. Nunua kwanza kifaa cha kupima amonia, kile chenye vitone vya dawa na kichupa cha kioo, ambacho huuzwa na wafanyabiashara wa samaki wa mapambo Dar es Salaam na huweza kutumwa kwa basi. Chukua maji ya tangi, weka vitone, subiri dakika zilizoandikwa, kisha simama dirishani mchana ulinganishe rangi na kadi. Kwa vifaa vingi vya aina hiyo rangi ya manjano ni salama, na kijani chochote, hata kilichofifia, ni hatari.

Samaki hutoa amonia kupitia matamvua na kinyesi, na chakula kisicholiwa huoza na kuiongeza. Katika tangi lililokomaa kuna kundi la bakteria wanaoigeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, na kundi jingine linaloigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo samaki huivumilia kwa kiasi. Bakteria hao hukaa kwenye sifongo, mchanga na mawe, na huchukua wiki nne hadi sita kuongezeka hadi kutosha, tena huchelewa zaidi maji yakiwa ya baridi. Wewe uliwapa siku tatu. Maji ya bahari yana jambo jingine linalozidisha madhara: pH yake, yaani kipimo cha uchachu ambacho namba ikipanda uchachu hupungua, ni kati ya 8.1 na 8.4, na kadiri pH inavyopanda ndivyo sehemu kubwa zaidi ya amonia inavyokuwa katika umbo lile lenye sumu kali. Kiasi ambacho samaki wa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, angekistahimili katika pH ya 7 kinaweza kumuua wako.

Safari ya basi nayo imechangia. Ndani ya mfuko uliofungwa usiku kucha samaki hutoa amonia na kabonidayoksaidi kwa pamoja, na hiyo kabonidayoksaidi hushusha pH, hivyo amonia haiwi kali sana. Ukifungua mfuko, gesi inatoka, pH inapanda, na sehemu kubwa zaidi ya amonia iliyolimbikizwa inageuka kuwa sumu kali papo hapo. Kwa hiyo siku nyingine uelee mfuko ukiwa umefungwa ndani ya tangi kwa dakika kama 20 ili joto lilingane, kisha ufungue na kuwahamisha samaki kwa wavu bila kuchelewa. Maji ya mfuko usiyamimine kwenye tangi lako.

Kwa hawa wawili waliobaki, acha kuwalisha kwa siku mbili, kisha walishe mara moja tu kwa siku, kiasi wanachomaliza ndani ya dakika mbili. Najua huruma inakusukuma uwape zaidi, lakini kila punje inayozama chini ni amonia ya kesho. Tumia dawa ya kufunga amonia kama wanavyoelekeza watengenezaji wake. Kama unamfahamu mtu mwenye tangi la maji ya chumvi lililokomaa, mwombe kipande cha sifongo cha chujio lake, ukibebe kikiwa kimelowa maji yake yaleyale, nawe utakuwa umepewa bakteria wa miezi mingi kwa siku moja. Sifongo hiyo usiioshe kwa maji ya bomba. Nililitenda kosa hilo miaka ya mwanzo, nikaikamua sifongo chini ya bomba hadi ikatakata, na klorini ikawaua bakteria wote. Baada ya siku nne tangi lililokuwa limetulia mwaka mzima lilikuwa na amonia kama jipya. Sifongo huoshwa kwenye ndoo ya maji yaliyotolewa tangini.

Sasa suala la chumvi, na hapa naomba unisikilize kwa makini, maana wengi wameingia hasara. Chumvi ya kupikia haifai. Kilo moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, na ni kweli kwamba karibu asilimia 85 yake ni sodiamu na kloridi; lakini katika zilizobaki kuna magnesiamu takriban gramu 1.3, kalsiamu gramu 0.4, potasiamu gramu 0.4, salfeti, na zile kabonati zinazoshikilia pH isiyumbe. Wengine huniuliza, kwani chumvi ya Bagamoyo au Lindi si imetoka baharini? Imetoka, ndiyo, lakini haikutoka nzima. Maji yanapokauka katika mashamba ya chumvi, kabonati ya kalsiamu na jasi hutangulia kutuama. Kisha huganda chumvi tunayoila, nayo huvunwa. Na magnesiamu hubaki katika maji machungu ya mwisho ambayo humwagwa. Ukiikoroga chumvi hiyo tena ndani ya maji huipati bahari, unapata sehemu yake moja tu. Chumvi ya Uvinza, inayotoka kwenye chemchemi za bara, ndiyo kabisa haina ukoo na bahari.

Agiza basi chumvi maalumu ya matangi ya baharini, ambayo imechanganywa vyote hivyo kwa uwiano. Ndoo ya lita 20 huhitaji takriban gramu 750, kwa sababu chumvi hiyo hubeba unyevu kidogo. Tia chumvi kwenye maji, usitie maji kwenye chumvi, iache pampu ndogo ikoroge kwa saa 24, kisha pima kwa haidromita, kile kifaa kinachoonyesha wingi wa chumvi kwa uzito wa maji, hadi isome kati ya 1.025 na 1.026 maji yakiwa na nyuzi joto 25. Usichanganye kamwe ndani ya tangi lenye samaki. Maji ya kuanzia yawe yametolewa klorini; na ukitumia mvua, ambayo huku kwetu si haba, acha mvua za mwanzo zioshe paa, tena ujihadhari na bati la zinki, kwa maana zinki huua kaa, konokono na matumbawe kwa kiasi kidogo sana.

Neno la mwisho kwako linahusu urefu wa Mbeya. Mji uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ina mgandamizo uliopungua kwa karibu moja ya tano. Maji ya bahari ya nyuzi 25 yaliyo pwani hubeba oksijeni kama miligramu 6.7 kwa lita. Hapa Uyole hayohayo hubeba kama 5.5. Samaki wako wametoka pwani usiku mmoja. Elekeza bomba la pampu lipige juu ya maji hadi uso wote utikisike, na usijaze samaki kwa idadi unayoelezwa na mtu wa Dar es Salaam.

SWALI: Niko Gangilonga, Iringa. Tangi langu la lita 120 lilikuwa na kipimo cha 1.026, lakini sasa haidromita inasoma 1.030. Maji hupungua kama lita nne kila wiki, nami hufidia kwa maji ya chumvi niliyoyapima vizuri. Kifaa kimeharibika?

JIBU: Kifaa chako kinasema kweli. Kinachopaa hewani ni maji peke yake, na chumvi yote hubaki tangini. Ukiongeza lita nne za maji ya chumvi unaongeza gramu 140 za chumvi ambazo hazikuwa zimepotea, na kwa mwezi mmoja zimefika gramu 560, ambazo ndizo zilizolipandisha tangi lako kutoka gramu 35 hadi karibu 40 kwa lita. Fidia upungufu kwa maji yasiyo na chumvi, kila siku kidogo kidogo. Bandika utepe kwenye kioo usawa wa maji, uufuate huo. Kuanzia Juni hadi Oktoba, upepo mkavu wa Iringa utakudai zaidi. Ili kurudi ulikokuwa, toa lita tatu kila siku uweke lita tatu za maji yasiyo na chumvi, kwa siku tano, wala usifanye yote kwa siku moja.

Kufidia maji, hata hivyo, si kubadilisha maji. Naitreti haipai hewani. Ikiwa imefika miligramu 80 kwa lita nawe ukabadilisha sehemu ya kumi, itashuka hadi 72 tu. Ukibadilisha robo, itafika 60. Anayebadilisha sehemu ya kumi kila wiki tangu mwanzo, na kulisha kwa kiasi, hafikishwi huko.

SWALI: Tangi langu liko sebuleni, Njombe. Msimu huu wa baridi pH inashuka hadi 7.8 kila usiku. Natia magadi soda, inapanda, kesho yake imeshuka tena. Nifanyeje?

JIBU: Acha kwanza hiyo soda. Chukua jagi la maji ya tangi, litoe nje uwanjani, weka jiwe la hewa lipulize kwa saa moja, kisha upime. Ikiwa pH imepanda, maji yako hayana kasoro. Hewa ya sebule ndiyo iliyojaa kabonidayoksaidi, ambayo huyeyuka ndani ya maji na kuyafanya yachachuke. Usiku wa Julai huko kwenu watu hufunga madirisha yote na kuwasha jiko la mkaa ndani. Nakusihi ulitoe jiko hilo usiku huuhuu, na hapo siwafikirii samaki: mkaa hutoa pia kabonimonoksaidi, ambayo huua familia nzima usingizini bila harufu. Kwa joto la tangi tumia hita mbili ndogo badala ya moja kubwa, ili moja ikiharibika nyingine ishikilie, na ufunike pande tatu kwa blanketi. Umeme ukikatika, oksijeni itaisha kabla baridi haijaua. Pampu ya betri ndiyo ya kuwa nayo, na ikikosekana, chota maji kwa jagi uyamimine kutoka juu, kila baada ya dakika chache.

SWALI: Je, mbuna, wale samaki wadogo wa rangi wa kwenye mawe ya Ziwa Nyasa, wanaweza kuishi katika tangi la maji ya bahari? Niko Kyela.

JIBU: Hawawezi, kwa kuwa ni samaki wa maji baridi. Lakini hupenda maji yenye pH ya kati ya 7.7 na 8.6 na mawe mengi ya kujificha, hawahitaji chumvi ya kuagizwa, na wewe unakaa jirani na ziwa lao. Kwa fedha za chumvi ya mwaka mmoja utawafungia tangi zuri kabisa. Ulizia kwanza ofisi ya uvuvi kuhusu kibali cha kuwavua, na waliokwisha kukaa tangini usiwarudishe ziwani.