Kwa wanaoanza utafiti wa maisha ya kila siku: msome Schutz, kisha nenda kituoni

Msome Alfred Schutz, mwanafalsafa na mwanasosholojia, mapema, kabla hujaandaa hata dodoso. Alizaliwa Vienna mwaka 1899, akahamia New York mwaka 1939 akiwakimbia Wanazi, na kwa miaka mingi mchana alikuwa mtu wa benki, usiku anaandika. Kitabu chake cha mwaka 1932 kinalichimba swali la mwanasosholojia Mjerumani Max Weber: tunaielewaje maana ambayo mtendaji mwenyewe anaipa tendo lake?

Schutz anasema watu wengi hatuwajui wao, tunaijua aina yao. Ukituma barua, mfanyakazi wa posta humfahamu, lakini unategemea atafanya wanachofanya watu wa posta.

Wanafunzi wengi hukwama hapa. Wanadhani aina ni ubaguzi tu, na maana ya mtu ni siri iliyofungiwa kichwani mwake. Simama kituo cha daladala Dar es Salaam asubuhi. Konda anaweka mkono mlangoni: "Wanafunzi subirini kwanza." Kwake sare ile ni nauli pungufu, jina la mtoto na darasa lake havimhusu. Mtoto naye anamjua konda. Anajua ataruhusiwa gari likikaribia kuondoka, ndiyo maana begi kalihamishia kifuani, tayari kurukia. Kila mmoja anapanga hatua yake kwa kukisia mwenzake anamwonaje. Maana unayoitafuta iko pale mlangoni, mbele ya macho yako.

Basi usiandike daftarini "konda alimdharau mwanafunzi". Hiyo ni aina uliyoibandika wewe. Andika mkono, maneno, na nani alipanda kwanza. Gari likishapaki, muulize konda anatafuta nini. Huenda akakutajia hesabu ya tajiri, yaani fedha za siku za mwenye gari: hilo ndilo lengo lake. Kilichomjenga akawa konda wa namna ile ni swali jingine. Schutz alilitenga lengo lililo mbele ya mtu na sababu zilizo nyuma yake, nawe usiyabane yote mawili kwenye swali moja.

Halafu kuna sharti lake ambalo mimi naliweka juu ya mengine yote: maelezo ya mtafiti yaeleweke kwa mtendaji mwenyewe, kwa akili yake ya kila siku. Rasimu ikikamilika, msimulie konda, kwa Kiswahili cha kituoni, yule konda uliyemwandika. Asipomtambua, rudi kwenye daftari kabla hujampelekea msimamizi wako.