Ile katuni ya vita, itazame wewe kwanza

Kwanza nikiri kosa. Jumamosi moja hapa Ujiji niliwawekea watoto Grave of the Fireflies, filamu ya Kijapani, kwenye kibanda umiza changu, kwa sababu moja tu: ni katuni. Nilikuwa nimesoma sifa zake, sikuwa nimeitazama. Ilipofika pale mama anapoonekana amefungwa bandeji mwili mzima, kibanda kikanyamaza. Mtoto mmoja akatoka mbio kumwita bibi yake. Yule bibi alinisema mbele za watu mpaka nikazima projekta.

Wajapani nao waliiuza hivyo hivyo. Aprili 1988 ilitoka pamoja na My Neighbor Totoro, katuni ya kufurahisha kabisa, zikaonyeshwa kwa pamoja.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa wenye vibanda na wazazi: itazameni nyie kwanza, hadi mwisho. Na kwa anayetaka kuichambua, asiitazame peke yake.

Mimi niliirudia usiku, watu wazima tu, huku nikitafsiri. Seita ana miaka 14, mdogo wake Setsuko ana 4. Mji wa Kobe umechomwa kwa mabomu mwaka 1945, wanakimbilia kwa shangazi. Shangazi anawapakulia uji mwepesi, wali anawawekea wanaofanya kazi. Wanaume nyuma wakapaza sauti: "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe!" Kibanda kizima kikacheka. Seita anasusa, anamchukua mdogo wake wakaishi kwenye handaki, na njaa inawafuata huko. Hapo hakucheka mtu.

Wengi humlaumu Seita kwa kiburi, nami nilimlaumu vilevile. Akasimama jirani yangu, aliyevuka ziwa kutoka Baraka, upande wa Kongo, mwaka 1996 akiwa mtoto. "Kaka, shangazi hana kosa," akasema. "Lakini kwa mtoto, shangazi ndiye vita. Mimi askari siwakumbuki. Namkumbuka aliyekuwa akipakua."

Roger Ebert, mkosoaji wa filamu kutoka Marekani, aliiweka kati ya filamu bora kabisa za vita. Wengi huiita filamu ya kupinga vita, ila mwongozaji wake, Isao Takahata, aliyenusurika mabomu ya Okayama akiwa na miaka 9, alikataa jina hilo. Nilidhani anajidai tu. Baada ya maneno ya jirani niliirudia mara ya tatu, nikaona ndege zinapita haraka, lakini kopo la pipi, sufuria na mchele vinakaa machoni muda mrefu. Ukiandika uchambuzi, anzia hapo. "Inaliza sana" kila mtu ameshaandika.

Mjukuu wa yule bibi bado ananiuliza kama mama wa kwenye bandeji alipona. Namwambia arudi akifika darasa la saba.